Kuasili mtoto wa nje ukiwa Marekani: foleni ilivyo, kuanzia wakala hadi mtoto kuingia ndani

Kila tukienda kwenye shughuli ya Wabongo hapa Dallas, iwe harusi, kipaimara au arobaini, lazima kuna mtu atanivuta pembeni na sahani yake ya pilau aniulize, "samahani dada, nyie wale watoto mliwapataje, maana na mimi nataka kumleta mtoto wa marehemu mdogo wangu". Nimejibu mpaka mume wangu ananicheka, kwa hiyo leo naandika yote kwa mkupuo, soma na chai yako pembeni.

Sisi tuliasili ndugu wawili kutoka Colombia, binti wa miaka 9 na mdogo wake wa kiume wa miaka 6. Mimi nilikuwa raia tayari, mume wangu ana grini kadi. Tangu tusaini na wakala mpaka tunatua nao hapa ilikuwa miaka miwili na miezi kadhaa, na kabla ya hapo tulishaliwa hela na wakala wa kwanza, hiyo stori inakuja. Mi sio mwanasheria, ni mama niliyejaza fomu nyingi tu.

Kosa kubwa la watu wetu ni kuanza na mtoto. Mtu anaenda likizo nyumbani, anamwona mtoto wa ndugu yake anateseka, moyo unauma, anatafuta wakili, anaenda mahakamani, anapata hukumu ya kuasili, anarudi Marekani na karatasi yake yenye mhuri ndo anaanza kuuliza habari za viza. Anaambiwa umeruka foleni, na mara nyingine hakuna namna ya kurudi nyuma kuipanga upya. Kwenye hizi kazi mtoto anakuja karibu na mwisho, unaanza na wewe mwenyewe, nyumba yako, alama zako za vidole, halafu ndo mtoto.

Na kabla hata ya hapo tofautisha kulea na kuasili. Kwetu kulea mtoto wa ndugu ni kikao cha jioni moja, mtoto anakuja na begi lake, wazee wanasema sawa, yameisha, akikua ana mama wawili na hakuna anayeshangaa. Kuasili ni kukata. Wazazi wa kwanza wanatoka kwenye karatasi moja kwa moja, jina lako linaingia kwenye cheti cha kuzaliwa, mirathi na kila kitu vinahamia kwako, hakuna cha "nikishapata uwezo nitamchukua". Sasa hapo katikati ndipo wajanja wanapopigia hela. Kuna wakala mmoja wa Ohio alifungiwa na serikali ya Marekani Desemba 2016, na mwaka 2020 watu waliofanya nae kazi wakashtakiwa mahakama ya shirikisho, na sehemu kubwa ya kesi ilihusu Uganda: rushwa kwa maofisa, na watoto waliochukuliwa wakati hawakuwa yatima. Kule vijijini mama alikuwa anaelewa mtoto wake anaenda kusomeshwa, yaani kulelewa kama tunavyojua sisi, kumbe upande wa pili mtu ameshalipia kuasili. Kwa hiyo ukiona faili la mtoto limeandikwa "mama alikubali", uliza alikubali nini, kwa lugha gani, mbele ya nani.

Kwa ndugu zangu Waislamu, najua kuna swali la nasaba na jina la baba, na wengi mnaona kafala, yaani kumlea mtoto bila kumbadilishia nasaba, ndo njia yenu. Kafala inatambuliwa hata kwenye Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, lakini kwa uhamiaji wa Marekani kafala tupu kwa kawaida haikupi viza ya mtoto wa kuasili. Ongea na mwanasheria wa uhamiaji kabla hujafanya lolote, usiende kwa maneno ya msikitini wala kanisani wala ya kwangu.

Haya, nchi gani. Hapa ndo wengi wanakata tamaa, na bora ukate tamaa mapema kuliko baada ya kulipa. Miaka ya nyuma ilikuwa mlango wazi, mwaka 2004 Wamarekani waliasili karibu watoto 23,000 kutoka nje, mwaka 2023 hawakufika hata 1,300. Guatemala ilifunga, Urusi ikawapiga marufuku Wamarekani kuanzia Januari 2013, Ethiopia ikafunga 2018, China ambayo ndo ilikuwa baba lao ikatangaza mwisho 2024, labda kwa ndugu wa damu tu. Kwetu sasa: Kenya ilisimamisha wageni kuasili watoto wake Novemba 2014. Kongo ya Kinshasa ilizuia vibali vya watoto kutoka nchini 2013, familia zikakwama miaka na watoto ambao kisheria walishakuwa wao. Uganda, baada ya marekebisho ya sheria ya 2016, mgeni anatakiwa akae kule na amlee mtoto mwaka mzima kwanza. Tanzania, Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka mgeni awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo. Na usijidanganye eti wewe sio mgeni. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, ukishachukua pasi ya bluu wewe kwao ni mgeni kama mzungu yeyote, hata kama kitovu chako kimezikwa Moshi. Ndo uchungu wenyewe huo: Marekani inataka uwe raia ndo uasili, na ukiwa raia nyumbani wanakuhesabu wa nje. Wakenya angalau katiba ya 2010 imewaachia pasi zote mbili.

Kuna kitu kinaitwa Mkataba wa Hague wa 1993 kuhusu kuasili kati ya nchi na nchi, Marekani imekuwa ndani tangu Aprili 2008. Kenya, Rwanda na Burundi wamo, Tanzania, Uganda na Kongo ya Kinshasa hawamo. Unaona ni mambo ya wanadiplomasia ila ndo unaamua fomu zako zote. Nchi ikiwa ndani ya mkataba unatumia fomu ya I-800A (ya kukukubali wewe) halafu I-800 (ya mtoto mwenyewe). Ikiwa nje unatumia I-600A na I-600 kwa mpangilio huo huo, na hapo lazima mtoto awe "yatima" kwa maana ya sheria ya Marekani, ambayo sio ile yetu. Mtoto aliyefiwa na baba lakini mama yupo na anajimudu, hapiti. Mtoto wa dada yako ambaye wazazi wote wapo hai na wana kazi ila wewe una nafasi zaidi, huyo ndo kabisa. Ipo njia ya tatu, unamuasili kabla hajafikisha miaka 16, unaishi nae na unakuwa na malezi yake kisheria kwa miaka miwili, halafu unaomba kwa I-130 kama mzazi yeyote, lakini hiyo miaka miwili unaishi nae wapi wakati kazi yako na mogeji (mkopo wa nyumba) viko Texas? Wapo waliofanya, mama mmoja namfahamu alihamia kabisa. Wengi hawawezi.

Sisi tuliishia Colombia kwa sababu ni nchi ya mkataba, ina ofisi moja ya serikali inayosimamia kila kitu, inaitwa ICBF, masharti yake yanaeleweka (umri kuanzia miaka 25, umzidi mtoto angalau miaka 15), na niseme ukweli, kwa sababu kuna watoto weusi. Pwani ya Pasifiki, Buenaventura, Chocó, mpaka Cali, kumejaa watu wanaofanana na shangazi zangu. Ila usitegemee kichanga. Wanaotoka kwenda kwa wageni ni wakubwa, au ndugu wawili watatu ambao hawatakiwi kutenganishwa, au wenye mahitaji ya kiafya. Anayekuahidi kichanga mwenye afya ndani ya miezi sita, mshukuru halafu kata simu.

Hapo ndo naingia kwenye wakala. Kwanza sharti lako: asiye raia hawezi kuwa mwombaji mkuu. Mkiwa wanandoa mmoja akiwa raia inatosha ila wote mnaasili kwa pamoja, na yule mwingine awe nchini kihalali. Ukiwa peke yako uwe raia mwenye miaka 25. Grini kadi peke yake haitoshi, usimlipe mtu anayesema inatosha.

Wakala wetu wa kwanza tulimpata kwa kuambiwa na mtu tunayesali nae. Ofisi nzuri, picha za watoto ukutani, mama mmoja mchangamfu sana. Wiki ya pili akatutumia picha ya kichanga, kabla hata hatujaanza ukaguzi wa nyumba, akasema huyu anawasubiri, tumeni dola 4,500 za kumshikilia. Kumshikilia! Kama kiwanja Kigamboni. Tukatuma, maana ukishaiona ile sura akili inahama. Miezi minne baadae simu haipokelewi, na mkataba tuliousaini ulisema hela hairudi. Mimi nililia, mume wangu alinyamaza, ambayo ni mbaya zaidi.

Ya pili tukafanya kwa akili. Tangu Julai 2014 sheria ya Marekani inataka wakala yeyote anayefanya kazi ya kuasili kutoka nje awe na ithibati, iwe nchi ya mkataba au sio. Orodha ipo kwenye tovuti ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, travel.state.gov, unaangalia jina lenyewe herufi kwa herufi, sio linalofanana. Halafu angalia nchi unayotaka imemruhusu huyo wakala, maana anaweza kuwa na ithibati Marekani ila Colombia haimtambui. Kisha mpigie, na sio yeye akuhoji wewe, wewe umhoji. Mwaka jana mmekamilisha watoto wangapi kutoka nchi hii, sio mlioanza, mliokamilisha. Mtoto akipatikana ana ugonjwa ambao hatukujiandaa tukakataa, tunarudi mwisho wa foleni? Nchi ikifungwa katikati, hela gani inarudi? Nani anawakilisha familia kule, na analipwa mshahara au kwa kichwa cha mtoto? Hili la mwisho wengine wanachukia, uliza hivyo hivyo. Kulipa kwa kichwa ndo kunazaa wale "yatima" wa kutengeneza. Na omba orodha ya gharama kwa maandishi, kila kitu na bei yake, sheria inawalazimisha kukupa kabla hujasaini.

Hela. Wengi wanaishia kati ya dola 25,000 na 50,000, wengine wanapita. Hiyo ni wakala, ukaguzi wa nyumba, tafsiri, wakili wa kule, nauli, malazi ya wiki nyingi, viza. Serikali yenyewe sio inayokumaliza, fomu ya I-800A ni dola 920 tangu Aprili 2024, na I-800 ya kwanza huilipii kama I-800A yako iko hai, ndugu wa tumbo moja wanahesabiwa pamoja. Viza ni dola 325 kwa kila mtoto. Nafuu iko kwenye kodi: kwa mwaka 2025 unaweza kudai mpaka dola 17,280 kwa kila mtoto, na kuanzia mwaka huo mpaka dola 5,000 kati ya hizo unaweza kurudishiwa hata kama kodi yako haifiki huko. Kwa mtoto wa nje unadai mwaka ambao kuasili kumekamilika, sio kabla, na kipato kikiwa kikubwa sana inapungua mpaka inaisha. Weka risiti zote, hata za teksi. Kingine, uliza kazini, makampuni mengine yanachangia na hayasemi mpaka uulize. Mchango wa harambee sikushauri, watu wa mchango hawaishi kuuliza mtoto wetu amefika wapi, utadhani wamenunua hisa.

Sasa ukaguzi wa nyumba, wenyewe wanaita homu stadi. Watu wanaogopa nyumba ichafu. Nyumba ndo kitu kidogo kabisa. Ofisa ustawi alikuja mara tatu, akaangalia ving'amua moshi, dawa zimefungiwa, maji ya moto hayaunguzi, kila mtoto atakuwa na kitanda chake, basi. Kazi yenyewe ni maisha yako. Anawahoji pamoja, halafu kila mmoja peke yake, na maswali yanafanana ili aone kama majibu yanafanana. Ndoa yenu ilipata shida lini, mlitatuaje. Mlipoteza mimba? Mmelia ikaisha au mnataka mtoto azibe pengo? Hapo mi nilikaa kimya kama dakika nzima, na yeye akasubiri.

Halafu likaja la viboko. "Wazazi wako walikuadhibu vipi?" Jamani. Sote tumechapwa, nyumbani tumechapwa, shule tumechapwa, jirani naye kachapa. Mume wangu akataka kusema tulikuwa tunaongeleshwa kwa upole, nikamkanyaga mguu. Usidanganye. Alichotaka kujua sio kama ulichapwa, ni wewe utafanya nini mtoto akikutukana mbele ya wageni. Mawakala wengi watakusainisha kabisa kwamba hutampiga mtoto, na wana sababu, huyu mtoto unayemleta huenda kapigwa mpaka akaokotwa na serikali, kofi lako moja linamrudisha huko kote. Kama unajua huwezi bila fimbo, ishia hapa, sio dhambi kukiri.

Kingine kinachowakamata watu wetu ni watu wazima ndani ya nyumba. Kila mwenye miaka 18 na zaidi anayeishi hapo anapigwa alama za vidole na anachunguzwa. Yule shemeji anayelala besimenti akitafuta kazi tangu mwaka juzi, huyo naye. Na utaulizwa kila mahali ulipoishi tangu utimize miaka 18, kila jimbo na kila nchi. Kwa hiyo ukiwa umetoka Tanzania ukapita Afrika Kusini ukakaa Minnesota ndo ukaja Texas, zote nne zinahusika, na vyeti vya polisi vya nje vinachukua muda, agiza mapema kabla hata wakala hajakwambia. Sisi tulipata kibali mama mkwe akaja kukaa miezi sita. Nikasema si ni mgeni tu. Kumbe kwa muda ule anahesabika mwanakaya, ikabidi homu stadi irekebishwe, tujaze nyongeza ya tatu ya I-800A, na mama wa miaka 71 akapelekwe kupigwa alama za vidole, njia nzima ananiuliza kwani mimi nimeiba nini. Tulipoteza miezi miwili na nusu. Mwambie mama aje mapema kabisa au asubiri mtoto afike.

Mafunzo ya wazazi ni saa 10 kima cha chini, mengi onlaini. Usiyabofye tu yaishe. Homu stadi inapofika uhamiaji isiwe na zaidi ya miezi 6 tangu isainiwe, na kibali cha I-800A kinadumu miezi 15, unaweza kuomba kuongeza, ila weka alama kwenye kalenda kwa kalamu nyekundu.

Baada ya hapo ni dosia, yaani furushi la karatasi zinazoenda Colombia: vyeti vya ndoa, kazi, benki, afya, homu stadi, vya Marekani vinagongwa mhuri wa apostili (unaothibitisha hati ikatumike nchi nyingine) kwenye jimbo vilipotolewa, na vyote vinatafsiriwa Kihispania. Cheti cha ndoa cha nyumbani ndo kilitusumbua, kile cha zamani kilichoandikwa kwa mkono jina la baba likakosa herufi moja, ikabidi mdogo wangu ashinde RITA, ofisi ya serikali ya vyeti. Kagua majina yako kwenye vyeti vyote yafanane kabla ya kulipia tafsiri hata moja. Sisi tuna hii tabia ya kuwa Mohamed huku, Mohammed kule na Mohamedi kwenye cheti cha shule, acha.

Halafu kusubiri. Sina ushauri wa maana kuhusu kusubiri. Jifunze Kihispania, sisi tulijifunza jikoni kila jioni na ndo kitu pekee kilichotufaa.

Kabla hujapangiwa mtoto utajaza orodha ya hali za kiafya unazoweza kuzipokea. Jaza ukiwa na mwenzako, usijaze kwa huruma. Sisi tuliweka ndio kwenye selimundu, kwa sababu familia zetu zote mbili zina selimundu na tunajua homa ya usiku inavyoanza na hospitali ya kukimbilia, ila tukaweka hapana kwenye vitu vingine ambavyo jirani yetu angeweza na sisi tusingeweza. VVU sio kizuizi cha kuingia Marekani tangu Januari 2010, nataja kwa sababu bado naulizwa. Faili la mtoto likija usilisome peke yako na machozi. Kuna madaktari wa watoto waliobobea kusoma mafaili ya watoto wa kuasili, unalipia, wanakwambia kichwa kimekua kawaida au hakijakua, "kuchelewa kuongea" hapa maana yake ni mazingira au ni ubongo. Uliza pia historia: kwa nini walitolewa nyumbani, wangapi wa tumbo moja, wengine wako wapi. Kwetu kulikuwa na dada mkubwa aliyebaki, na tuliomba kabisa mawasiliano nae yasikatike.

Ukikubali, hapa narudia foleni kwa sauti: I-800 inaenda uhamiaji, inapata kibali cha awali, ubalozi wa Marekani kule Bogotá unatoa barua ya kifungu cha 5 cha ule Mkataba wa Hague, ya kuthibitisha mtoto ataruhusiwa kuingia Marekani, NDO unaenda kuasili. Ukiasili kabla ya ile barua umeharibu. Hata kama hakimu yuko tayari, hata kama wakili wa kule anasema twende tu, hata kama mtoto ni wa dada yako wa tumbo moja. Kwa nchi za mkataba ndugu wana nafuu moja tu, kwamba mnaruhusiwa kuwasiliana na wazazi wa mtoto mapema, wakati wengine wamekatazwa. Foleni ni ile ile.

Colombia wote wawili mnaenda, na jipangie wiki sita hata wakikwambia nne. Angalia viza mapema kama mmoja bado ana pasi ya nyumbani. Beba sweta, Bogotá iko zaidi ya mita 2,600 juu ya bahari, baridi ya Makete, wakati Cali tulikokutana na watoto ni joto la Tanga. Watoto walikuwa wameshapewa albamu yetu ya picha miezi kabla, na yule mkubwa alikuja anajua majina yote, akaniuliza yule bibi mwenye kanga ya njano yuko wapi. Mama mkwe! Nikasema yuko nyumbani anawasubiri, ambayo ilikuwa kweli maana alama zake za vidole zilishakubaliwa.

Unakaa nao siku kadhaa, wanaustawi wanawaangalia, halafu wakili anapeleka maombi kwa hakimu wa familia, hukumu inatoka, cheti kipya cha kuzaliwa, pasi mpya, ndo mnaenda Bogotá kwa daktari wa ubalozi na viza. Watoto wa kuanzia miaka 2 wanapimwa TB kwa damu, na jibu likija na alama ya chanya kuna vipimo zaidi, kwa hiyo tiketi ya kurudi iwe ya kubadilika. Viza yenyewe inaitwa IH-3. Akiingia Marekani nayo akiwa chini ya miaka 18, akiwa chini ya mzazi raia, ni raia pale pale, hakuna kuapa, hiyo ni sheria iliyoanza Februari 2001.

Nyumbani sasa. Kama kampuni yako ina wafanyakazi 50 na umekaa mwaka, una wiki 12 za likizo kwa sheria ya FMLA, bila malipo ila kazi haipotei, na inahusu kuasili pia. Chukua zote. Na usifanye sherehe. Najua, watu wameshanunua vitenge, mchungaji anataka kuwaombea mbele. Subirisha. Miezi ya kwanza anayewalisha, anayewaogesha, anayewabeba awe ni nyinyi wawili tu, ili wajue mama ni nani, maana hawa wamezoea kila mtu mzima ni wa muda. Wa kwetu wa kiume alikuwa anamkumbatia fundi bomba. Watu wanasema mtoto mchangamfu, kumbe sio uchangamfu. Na binti nilikuta mikate sita chini ya mto, mingine imeota ukungu. Usimgombeze, muwekee kikapu cha chakula chumbani ambacho hakiishi, kwetu ilichukua kama miezi mitano akasahau kukiangalia. Wageni wakiuliza "wazazi wao wako wapi" mbele ya watoto, jibu ni "tupo hapa, karibu chai".

Wakala atakudai ripoti za maendeleo kwa ajili ya ICBF, zipeleke kwa wakati, nchi zinafunga milango kwa sababu watu wakishapata watoto wanapotea. Hati ya uraia inakuja kwa posta yenyewe kwa wa IH-3, isipokuja usikae, piga simu. Ikifika ifungue siku hiyo hiyo, linganisha jina na tarehe na pasi, herufi moja moja, kwa sababu ikiwa wamekosea wao wanarekebisha bure, ukiwa umekosea wewe unalipa. Ya kijana wetu ilikuja sawa. Ya binti walikuwa wamekula herufi ya mwisho.